Baada ya Vita

Tumeshapima meza ya Ctibor mara tatu,
urefu, upana, hata pembe kwa pembe,
kama fundi cherehani anayeshona suti
ya bwana harusi ambaye bado hajaposa.
Ramani ina vipande vinne. Cha mwisho
kitaning'inia juu ya ndoo ya grisi, haidhuru.
Jiriwa ameshaing'oa. Baiskeli za watu
amezitundika darini kama nyama ya kukausha,
na mteja akiuliza, "Yangu lini?"
humjibu bila haya: "Baada ya vita."

Walisema Machi. Machi ikaja na matope yake, ikapita.
Wakasema Juni: karatasi nzito imeadimika.
Wakasema Oktoba: bluu imetoka kijani mashineni,
na nani atakubali walinzi wa Kaizari
waende kufa na rangi ya kabichi?
Sasa wanasema: karibuni.
Subira huvuta heri;
yetu mpaka leo imevuta stakabadhi tu.

Zdislava hutoka zamu ya usiku, hospitali ya Brno,
huketi juu ya tairi, kiatu kimoja amevua,
hukariri kanuni kama anayesali rozari.
Yeye ataongoza Warusi.
Sisi wengine damu tunaijua kwa karatasi.
Nilimweleza: kikosi kikiumia, kete hugeuzwa,
sita inakuwa tatu.
"Halafu?"
"Halafu basi."
Akatazama kucha zake. "Wodi yangu ingekuwa hivyo,
ningelala."

Mimi nalima shayiri chini ya kilima chenyewe.
Kila majira ya kuchipua plau hunitemea risasi za gobori,
duara, nyeupe kwa uzee, kubwa kama zabibu,
na safari moja kifungo
chenye namba ya kikosi kilichokwisha.
Nimejaza chupa nzima ya jamu.
Siku ile ikifika, zitashika pembe za ramani
zisijikunje.
Hakuna aliyecheka nilipolisema hilo.

Kisha Alhamisi akaingia Radovan,
mwalimu wa jiografia mstaafu, bahasha kwapani,
masikio mekundu, na si kwa baridi.
Mwaka huu, akakiri, aliwaandikia watengenezaji
barua ya kurasa kumi na moja.
Alikipanda kilima na fimbo, kamba na pimamaji,
akaona wamekidhulumu mita kumi na nane.
Na mizinga, waheshimiwa, mizinga haioni
kule inakodhaniwa kwamba inaona!
Jibu lilikuwa na mstari mmoja:
Ahsante. Umesema kweli. Tunachora upya.

Kimya. Tone la mafuta likadondoka kutoka kwenye mnyororo.
"Kwa hiyo Oktoba," Ctibor akasema polepole,
"haikuwa bluu."
"Bluu pia ilikuwepo," akanong'ona Radovan.
Nilidhani Zdislava atamtupia kile kiatu.
Alikivaa. Akafunga kamba. Akauliza:
"Mita kumi na nane, upande gani?"
"Upande wa shayiri."
Wakanigeukia wote,
kana kwamba nilikuwa nimezificha ghalani.

Nilirudi kwa miguu, ukungu wa Desemba
umelala mashambani kama ng'ombe asiyetaka kuinuka.
Nikawa nahesabu, siwezi kujizuia:
shamba lililolimwa, pointi mbili;
kijito, moja; ukungu, moja tena;
na kilima, tangu leo, kwa hisani ya Radovan, tatu.
Ng'ambo niliiona taa ya jikoni,
mke wangu akipita dirishani na sufuria,
na kwa kanuni ya ukurasa wa tisa
nisingemfikia zamu hii.